Kolajeni ipi, na iko katika hali gani?

Hapa Bukavu, ukipita Nyawera au ukishuka sokoni Kadutu, neno kolajeni utalikuta kwenye makopo ya pomata, kwenye sabuni, kwenye vifuko vya unga wa kukoroga na maji. Jioni utalikuta tena kwenye WhatsApp, juu ya picha ya shavu lisilo na hata kipele. “Mama yangu, hii iko na kolajeni,” muuzaji atakuambia, “ngozi inarudi ya kitoto, vidonda vinafunga, damu inatembea.” Ahadi mbili za kwanza tumeshazizoea. Hiyo ya tatu ndiyo imenifanya nikae niandike, kwa sababu ndani yake mna ukweli ambao muuzaji mwenyewe haujui, na ukweli huo unaharibu biashara yake.

Kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, mifupa na tishu nyingine, inahusiana sana na mishipa ya damu. Ila kolajeni ile ile huita mishipa mipya ikiwa katika hali moja, huituliza ikiwa katika hali nyingine, na ikikatwa vipande fulani huizuia kabisa. Mtu akikuambia uongeze kolajeni bila kusema ipi, ya wapi na iko katika hali gani, hajakuambia kitu.

Tuanze na sababu ya mwili kuhitaji mishipa mipya. Oksijeni ikishatoka kwenye kapilari, vile vimishipa vidogo kuliko vyote, haifiki mbali: mikromita 100 hadi 200 tu, yaani haifiki hata robo ya milimita. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo inakosa hewa. Kwa hiyo kidonda chenye upana wa kidole hakiwezi kujaa nyama mpya mpaka kapilari mpya ziingie humo, na uvimbe wa saratani hauwezi kuzidi ukubwa wa punje bila kujitafutia damu yake. Seli zinazokosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF. Kundi la Donald Senger na Harold Dvorak kule Boston liliieleza kwanza mwaka 1983 kama kitu kinachofanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara, akiwa California, akaionyesha kuwa ndiyo inayochochea seli za ukuta wa mshipa kuongezeka. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha bevasizumabu, dawa inayoizima VEGF kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Tangu hapo VEGF ikawa nyota, na ukisoma makala nyingi za afya utadhani mishipa huota kwa amri yake peke yake.

Mkulima wa Kabare au Walungu hawezi kudanganyika hivyo. Anajua maharage ya kupanda juu yanataka mvua, lakini mvua ikinyesha mwezi mzima na miti haijasimikwa, shina litatambaa chini na kuoza. VEGF ni mvua. Kolajeni ni mti. Na kile kinachojizungusha kwenye mti ni vipokezi vilivyo juu ya seli, hasa jamii inayoitwa integrini. Mwaka 1997 Senger na wenzake walionyesha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote: VEGF ikizifikia seli za mshipa, seli hizo huongeza juu yake integrini mbili zinazoshika kolajeni, alfa-1 beta-1 na alfa-2 beta-1. Watafiti walipoziba integrini hizo kwa kingamwili ndani ya panya, mishipa mipya ilipungua ingawa VEGF ilikuwepo tele. Mvua yenyewe ndiyo inayolifanya shina litafute mti. Mfano wangu unafika mwisho hapa, kwa sababu mti wa maharage ukiukata haugeuki kuwa sumu ya maharage. Kolajeni hugeuka.

Integrini ni protini ya nyuzi mbili, moja ya alfa na moja ya beta, inayopenya utando wa seli. Binadamu ana aina 18 za alfa na 8 za beta, na kutokana nazo hutengeneza jozi 24 tu. Jina lilitolewa mwaka 1986 katika maabara ya Richard Hynes. Sehemu ya nje hushika kolajeni au protini nyingine za pembeni. Sehemu ya ndani imeunganishwa na nyuzi zinazoipa seli umbo na mwendo. Kwa sababu hiyo integrini huipa seli habari ambazo hakuna homoni ingeweza kuzipeleka: kwamba kuna kitu hapa cha kushikilia, kwamba ni laini au kigumu, kwamba kinavutwa upande gani. Seli ya mshipa iliyopoteza mshiko kwa muda hufa yenyewe. Na iliyopata mshiko unaofaa hujipanga. Mwaka 1983, Roberto Montesano na wenzake kule Geneva walizifunika seli za mishipa kwa jeli ya kolajeni, na tambarare ile ya seli ikajipanga upya kuwa mtandao wa vijimirija. Hakuna aliyezichora ramani.

Sasa twende kwenye kukatwa kwa kolajeni, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Karibu theluthi moja ya protini yote ya mwili ni kolajeni, na aina zinazojulikana ni 28. Ya kwanza, namba I, imejaa kwenye ngozi, mifupa na makovu. Namba IV haitengenezi kamba nene. Inasuka utando mwembamba unaozunguka kila kapilari. Utando huo ukiwa mzima, seli za mshipa huushika kwa alfa-1 beta-1 na kutulia, miaka na miaka. Ukitokea ulazima wa kuota tawi jipya, vimeng'enya vya kukata kolajeni huanza kuutafuna. Mwaka 2001 kundi la Peter Brooks lilionyesha kwamba kolajeni namba IV ikifumuliwa hivyo, hufunua sehemu iliyokuwa imejificha ndani yake. Seli huacha kuishika kwa alfa-1 beta-1, huishika kwa integrini nyingine, alfa-v beta-3, na safari ya kuota huanza. Protini ni ile ile. Kilichobadilika ni mkunjo wake na kipokezi kinachoisoma.

Halafu ukiendelea kuikata, inatoa amri ya kinyume. Kipande kimoja cha kolajeni namba IV, kinachoitwa tumstatini, huishika hiyo hiyo alfa-v beta-3 na kuzifanya seli za mshipa zisimame au zife. Kolajeni namba XVIII nayo ina kipande mwishoni mwake, endostatini, kilichotangazwa mwaka 1997 na Michael O'Reilly na Judah Folkman, huyu Folkman akiwa ndiye aliyedai tangu 1971 kwamba saratani haikui bila mishipa. Ukiutazama mpangilio huu kwa makini utauheshimu mwili: kitendo kile kile cha kuvunja utando ili mshipa upite kinaacha nyuma vipande vya kuuambia mshipa usizidi. Breki imefichwa ndani ya kitu kinachovunjwa.

Endostatini ilipoonyesha maajabu kwenye panya, magazeti ya Marekani mwezi Mei 1998 yaliandika kana kwamba saratani imebakiza muda mfupi, na hisa za kampuni iliyokuwa na haki ya dawa hiyo zikapaa mara soko lilipofunguliwa. Kwa binadamu matokeo yalikuwa hafifu. China iliidhinisha aina yake iliyorekebishwa mwaka 2005 kwa saratani ya mapafu, Marekani haikuwahi. Silenjitaidi, dawa iliyotengenezwa kuziba alfa-v beta-3 na ndugu yake alfa-v beta-5, ilijaribiwa kwa wagonjwa 545 wenye uvimbe mkali wa ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: nusu ya wagonjwa waliopewa dawa walivuka miezi 26.3, na nusu ya wale wasiopewa walivuka miezi 26.3. Sawa kabisa. Dalili zilikuwepo mapema kwa aliyetaka kuziona. Mwaka 2002 panya waliozaliwa bila beta-3 na beta-5 walionekana kuwa na mishipa mingi zaidi kwenye uvimbe, si michache. Mwaka 2009 ikaonekana kwamba dawa za jamii ya silenjitaidi zikiwa kidogo sana mwilini huchochea uvimbe badala ya kuudumaza.

Wapo wanaosema huko ni kushindwa kwa sayansi. Mimi nasema ni kushindwa kwa wazo moja tu, wazo kwamba kipokezi kina kazi moja, ukikiziba umemaliza. Integrini haiamrishi “ota” wala “acha”. Inasoma ardhi iliyo chini ya seli, na ardhi ikibadilika maana inabadilika. Wazo hilo lililoiangusha dawa ya mamilioni ya dola ndilo hilo hilo limeandikwa kwenye kifuko cha unga pale Kadutu.

Na hapa Bukavu tunao ushahidi wa karibu, tena wa kuumiza. Mama akikaa na uchungu siku mbili au tatu, mtoto amekwama, kichwa cha mtoto hukibana kibofu dhidi ya mfupa wa kinena. Damu haipiti. Tishu hufa, na baada ya siku chache huanguka na kuacha tundu ambalo mkojo hutoka bila kuzuilika. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Nobeli ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, inajulikana duniani kwa wanawake waliobakwa vitani. Lakini tundu la namna hiyo, fistula ya uzazi, nalo limekuwa kazi yake miaka yote. Tazama kingo za tundu la zamani: ni ngumu, zimepauka, hazinyumbuki. Ukizipima utakuta kolajeni imejaa, hasa namba I, imeshikamana na kukaza. Kinachokosekana pale ni kapilari. Kama kolajeni kwa wingi wake ingekuwa dawa ya kuleta damu, kovu la fistula lingekuwa mahali penye damu nyingi kuliko pote mwilini. Na keloidi, yale makovu yanayovimba juu ya sikio lililotobolewa au juu ya kifua, yangekuwa alama ya afya.

Ndiyo maana mpasuaji wa fistula hamwongezei mgonjwa kolajeni. Hulegeza tishu mpaka zikutane bila kuvutana, na pale penye kovu baya sana wengine huleta kipande cha mafuta kutoka kwenye mashavu ya uke, kikiwa bado na mishipa yake, na kukilaza juu ya mshono. Njia hiyo ilielezwa na Mjerumani Heinrich Martius mwaka 1928. Wapasuaji bado wanabishana ni nani hasa anaihitaji, na ubishi huo ni wa afya. Kisha mpira wa mkojo hubaki ndani. Kwa fistula nyepesi Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 siku 7 hadi 10. Kibofu kisijae, mshono usivutwe. Wagonjwa wengi huuchukia mpira ule, na siwalaumu, lakini seli zilizo kwenye mshono zinasoma kila mvuto kupitia integrini zao.

Sasa linaloniudhi, na silitaji jina la kituo cha afya kwa sababu ni desturi ya vituo vingi. Kidonda kinachopona vizuri huwa na sakafu nyekundu yenye vijipunje, na ukikigusa kinatoa damu kidogo. Kila kijipunje ni kitanzi cha kapilari changa, kuta zake zikiwa bado hazijafungwa vizuri na utando wake wa kolajeni namba IV. Ni habari njema kuliko zote. Lakini ndugu wa mgonjwa anaona damu, anaogopa: “Muganga, kinatoka damu, usafishe muzuri.” Na muuguzi, anayejua kwamba familia imelipa na inataka kuona kazi, anachukua chupa ya maji ya oksijeni (haidrojeni peroksaidi) na kumwaga. Povu linapanda. Kila mtu anaridhika, povu ni uchafu unatoka. Hapana. Povu hutoka kwa sababu kimeng'enya kilichomo kwenye damu na kwenye seli kinayavunja maji yale na kutoa hewa. Hutoka hata kwenye kidonda kisicho na uchafu wowote, na maji hayo hayo huua seli changa. Kesho yake hufunguliwa kapsuli ya antibiotiki na unga wake kumwagwa juu, ukaganda, ukawa gamba. Kidonda kinatimiza miezi mitatu, na mgonjwa anaambiwa damu yake ni mbaya.

Maji safi yenye chumvi kidogo, yaliyochemshwa yakapoa, yangetosha kwa siku nyingi. Bei yake ni makaa.

Ugonjwa wa sukari unastahili makala yake, lakini kuna jambo moja siwezi kuliruka. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mabaki yake hujibandika kwenye kolajeni na kuzifunga nyuzi pamoja. Hujibandika pia kwenye arginini, asidi ya amino ambayo integrini huitafuta ili kushika. Seli zinafika, zinakosa mshiko, kapilari hazijengeki, mguu unaoza kuanzia kidole. Mgonjwa huyo huyo, ukimpeleka kwa daktari wa macho, anaweza kukutwa na balaa la kinyume: nyuma ya jicho VEGF imepanda, mishipa mipya imeota ovyo, dhaifu, inavuja na kumpofusha, na dawa anayochomwa ni ile ile bevasizumabu ya saratani. Mguu mmoja unalia mishipa, jicho limezidiwa nayo. Huyo utamuuzia unga gani ili “damu itembee”?

Kuhusu kuula unga wenyewe: tumbo halijui kwamba ni kolajeni. Huikata kuwa asidi za amino na vijipande vidogo, na mwili huvipeleka unakotaka. Yapo majaribio yaliyoonyesha ngozi kuongeza unyevu kidogo, mengi yakigharimiwa na wauzaji wenyewe. Kinachokwama mara nyingi si malighafi. Ili nyuzi tatu za kolajeni zisokotane na zisifumuke kwenye joto la mwili, vimeng'enya vinahitaji vitamini C, na pia madini ya chuma na oksijeni. Katika safari ya Mwingereza George Anson kuzunguka dunia miaka ya 1740, baharia mmoja aliyejeruhiwa kwenye vita vya Boyne mwaka 1690 alishikwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na majeraha yaliyokuwa yamepona kwa miaka 50 yakafunguka upya. Kovu halikai tu. Linajengwa upya kila siku, na vitamini C ikikatika linaachia. Sombe, yaani majani ya muhogo, lina vitamini C nyingi likiwa bichi, lakini sisi tunalitwanga na kulichemsha saa nyingi, na ni lazima tuchemshe kwa sababu ya sumu ya muhogo. Vitamini ile haivumilii moto huo. Pera moja baada ya sombe lina vitamini C kuzidi chungwa mara kadhaa. Sambaza, wale samaki wadogo, waliokaangwa wazima wataleta protini. Kwa bei ya kifuko kimoja cha unga, familia inakula hivyo siku kadhaa.

Nimebakiza pomata, na kusema kweli hiyo ndiyo inayonitisha. Molekuli nzima ya kolajeni ina uzito wa daltoni 300,000 hivi, na kitu kinachozidi daltoni 500 hupenya kwa shida sana ngozi isiyo na jeraha. Kwa hiyo kolajeni ya kwenye kopo inabaki juu, inalainisha kidogo, inaoshwa. Kinachopenya ni kile ambacho mara nyingi hakitangazwi mbele ya kopo. Pomata nyingi za kujichubua zina klobetasoli, steroidi kali sana. Yenyewe hupenya, huwaambia fibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni, wapunguze kazi, huikaza mishipa midogo na kuizuia kuota, na baada ya miezi ngozi hukonda hadi mishipa inaonekana. Unanunua kopo limeandikwa kolajeni, unapaka kitu kinachoikausha kolajeni. Ngozi ya namna hiyo ikipasuliwa, kwa mfano kwa upasuaji wa kujifungua, mshono unaweza kukata ngozi na kuachia.

Ningependa kila mahali panapofanyiwa upasuaji mjini hapa, kubwa kwa dogo, swali la pomata liulizwe kabla ya siku ya upasuaji, kwa upole, bila kumwaibisha mama mbele ya shemeji zake. Asiulizwe jina tu. Aambiwe alete kopo lenyewe, na aseme amepaka muda gani na sehemu kubwa kiasi gani ya mwili. Wala asiamriwe kuitupa usiku huo. Aliyepaka steroidi kali mwili mzima kwa muda mrefu, tezi zake zilizo juu ya figo zinaweza kuwa zimelala, na kuacha ghafla kunaweza kumwangusha akiwa mezani. Daktari ndiye anayepaswa kumpunguzia hatua kwa hatua, na kama upasuaji haungoji, mwenye kumpa usingizi ajue mapema.